Sehemu ya Kwanza: Baiskeli

Chumba namba nne, ghorofa ya sita, Hanoi.
Mezani kinasa sauti, glasi ya maji isiyo yangu,
na mtahini mwenye mafua anayeniuliza jina kamili.
Tạ Minh Khuê, namwambia.
Analirudia, na jina linatoka kinywani mwake
limevaa viatu vya mtu mwingine.

— Sasa tuzungumze kuhusu baiskeli.
Je, ulikuwa na baiskeli ulipokuwa mtoto?

— Ndiyo. Nilikuwa nayo. Ilikuwa nyekundu.

Haikuwa nyekundu. Haikuwa hata yangu.
Ilikuwa ya baba, chuma kitupu,
rangi ilishamwambukia barabarani kabla sijazaliwa.
Aliibebesha makaa ya mawe, magunia mawili ubavuni,
la tatu juu ya keria,
akitembea kando yake, fimbo imefungwa kwenye usukani,
kama mtu anayemsindikiza mgonjwa.
Kupanda kilima, alisukuma.
Kushuka, alivutana nayo.
Kuipanda mwenyewe? Labda sikukuu ya mwaka mpya,
akishaiosha.

Lakini Mwalimu Nhàn alituonya mapema:
mtihani si mahakama,
hawapimi ukweli, wanapima sarufi.
Chagueni rangi mnayoweza kuitamka.

— Nani alikufundisha kuiendesha?

— Baba yangu. Alikuwa mvumilivu sana.

Neno hilo, mvumilivu, limenila wiki nzima;
nalivuka polepole, silabi kwa silabi,
kama daraja la mwanzi mmoja.
Baba, mvumilivu!
Alinikalisha juu ya tuta la mto, akaachia.
Ukiogopa utaanguka, alisema,
usipoogopa utaanguka vilevile.
Nikaangukia mpunga wa Bibi Thoa,
tukaulipa kwa gunia zima la makaa.

— Watu wa mji wako bado wanaendesha baiskeli?

— Hapana. Sasa wana pikipiki. Pikipiki ni haraka.

Nimekosea. Nimelisikia kosa likidondoka sakafuni
kama bolti.
Ada ya mtihani huu ni mshahara wangu wa wodini, karibu mwezi mzima,
na huko Dublin kuna hospitali inayosubiri
nambari moja tu kwenye karatasi.

— Na je, baiskeli ina ubaya wowote?

Hili nililikariri. Mvua, usalama barabarani,
sentensi tatu zilizopigwa pasi.
Nikafungua kinywa,
kikatoka kidole cha baba.

Cha shahada, mkono wa kulia.
Nilikuwa na miaka tisa, nimeshika tochi,
yeye anarudisha mnyororo mahali pake,
na mimi, kwa kutaka kusaidia,
nikakanyaga pedeli.

Mnyororo. Kwa Kiingereza sikuwa nalo.
Nikasema: kuna kamba. Kamba ya chuma.
Inatembea juu ya meno.
Nikazungusha mikono hewani, huku na huku.
Kamba ikala baba yangu.

Mtahini akaacha kuandika.
— Ilimla baba yako?
— Kidogo, nikasema. Kipande.

Akakitazama kidole chake kwenye kalamu.
Akapenga kamasi. Akatazama saa.
— Asante. Sasa tuendelee na sehemu ya pili.

Sehemu ya pili siikumbuki.

Nilipofika ghorofa ya tatu, kwenye ngazi,
neno likaja lenyewe, bila kuitwa:
silabi moja.
Silabi moja tu, jepesi, mtoto angelisema.
Nikasimama nimeshika ukuta.
Juu kule, msichana mwingine alikuwa tayari ndani
na baiskeli yake nyekundu.

Baba akapiga simu kabla sijavaa helmeti.
— Wamekuuliza nini?
— Baiskeli.
Kimya. Nikasikia anakwangua kidevu
kwa vidole vinne.
— Hayo tu? akasema. Si ungenituma mimi.